Mwalimu Korishoni

Wasichana waliopitia mikononi mwa Mwalimu Watiri walisahau mengi ya kemia mara tu walipovua sare, lakini somo la mgongano hawakulisahau. Ungekutana na mmoja wao miaka kumi baadaye, nesi au mama wa watoto watatu, na bado angeweza kukueleza kwa nini sukari ya unga huyeyuka haraka kuliko ya donge, na kwa nini maziwa huharibika upesi wakati wa joto. Angekwambia alifundishwa jambo hilo uwanjani, amefungwa tai machoni, huku akigongana na wenzake.

Shule ilikuwa kwenye mwinuko, upande wa kutoka Nyeri kwenda Mukurweini, na kahawa za watu zilifika hadi kwenye ua wake. Kila mwaka, somo la kasi ya mmenyuko wa kemikali lilipofika, Watiri aliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu hadi uwanja wa netiboli. Alichora duara kubwa kwa chokaa, akawaingiza humo wakiwa wamefungwa tai machoni.

"Nyinyi ni chembe," aliwaambia. "Chembe haina macho, haina akili. Inatembea tu. Haya, tembeeni."

Walitembea wakipapasa, na mara chache mmoja alimgonga mwenzake. Kisha akachora duara dogo zaidi, akawasukuma wote humo, na migongano ikaongezeka. Kisha akaamuru wakimbie, kwa sababu joto limepanda. Mwisho aliwafundisha jambo ambalo vitabu hulieleza kwa sentensi kavu: kugongana peke yake hakutoshi. Wanaogusana bega tu, au wanaokutana kivivu, waendelee na safari zao. Ila wanaokutana uso kwa uso, tena kwa nguvu ya kutosha, washikane mikono watoke nje ya duara wakiwa kitu kipya. Watiri alikimbia nao, mwanamke mnene mwenye sweta ya kufuma, mkono mmoja umeinua sketi isimkwaze, na kila wawili walipokutana vizuri alipaza sauti: "Korishoni! Hiyo ndiyo korishoni!"

Neno lenyewe la Kiingereza, collision, yaani mgongano, lina L. Ulimi wa Watiri, aliyezaliwa kule milimani Murang'a, ulikuwa umezoea R kabla haujajua kwamba kuna herufi nyingine karibu yake. Alifundisha maisha yake yote akisema "korishoni" na "morekyuli", na hakuna aliyepungukiwa kitu. Nusu ya walimu walisema vivyo hivyo. Mzazi ambaye mwenyewe huita lori "rori" angelisikiaje kosa?

Mwaka mmoja, siku ya somo hilo, kulikuwa na msichana aliyedai tumbo linamuuma. Watiri alimruhusu aketi kivulini kando ya tangi la maji pamoja na wengine waliosema wanaumwa. Hakuona kwamba ndani ya sweta ya msichana huyo kulikuwa na simu.

Likizo ya Aprili, Watiri alikwenda na mumewe, Gatimu, kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika Mukurweini. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha pikipiki wakisubiri mizigo. Mmoja akapaza sauti, "Korishoni!" na wawili wengine wakagonganisha magurudumu yao ya mbele, wakaangua kicheko. Watiri alidhani ni kaka za wanafunzi wake. Akatabasamu, akawapungia mkono. Nao wakazidi kucheka hadi mmoja akalala juu ya tangi la petroli.

Moffat, aliyekuwa akipima maziwa, ndiye aliyemhurumia. "Madam," alisema kwa sauti ya chini akimsogezea simu yake, "si huyu ni wewe?"

Ilikuwa video ya lile somo la uwanjani; mtu fulani alikuwa amelikata lile neno na kulirudia juu ya ngoma. Mwili wa Watiri uliruka mbele na nyuma ukifuata mdundo, sketi juu, magoti nje, mdomo wazi. Chini yake watu walikuwa wameandika. Huyu ndiye anafundisha watoto wetu? Ndiyo maana tunafeli. Mrudisheni nasari. Mwanamke mmoja, ambaye picha yake ilimwonyesha amebeba mtoto mchanga, alikuwa ameandika kwamba amecheka mpaka amemwamsha mume wake aje aone.

Watiri alisoma yote yaliyokuwa kwenye kioo, akarudisha simu. "Maziwa ya leo yako na maji?" aliuliza.

"Hapana, Madam. Iko sawa."

"Basi andika."

Jioni hiyo alipigiwa simu na binti yake, Wendy, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Nanyuki. Wendy alizungukazunguka, akauliza habari za ng'ombe, akauliza kama mvua imenyesha.

"Sema kile kimekufanya upige," Watiri alimwambia.

"Mum, kuna kitu uliona online?"

"Nimeona leo. Wewe uliona lini?"

"Wiki jana."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa job, Mum. Wenzangu walikuwa wanaicheki hapo reception, wanaimba. Singeweza kusema ati huyo ni mamangu."

"Ulicheka?"

"Mum, please."

"Nimekuuliza swali rahisi."

"Nilicheka," Wendy alisema. "Nilicheka ndio wasijue."

Watiri alimwambia amekubali, akamtakia usiku mwema, akaweka simu mezani. Gatimu alimuuliza mtoto anasemaje. Akajibu kwamba Wendy yuko salama.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bwana Mugo. Hakutaka makubwa. Alitaka aliyerekodi ajulikane na aambiwe amekosa. Mugo alimkaribisha chai, akacheka kabla hajaketi.

"Madam Watiri, hata mimi nilicheka, na unajua vile nakuheshimu. Usichukue serious. Sasa shule yetu inajulikana mpaka Dubai!"

"Nani alirekodi?"

"Hiyo tuwache. Tukianza kusaka simu tutafukuza nusu ya shule."

Alisema hivyo huku akiliangalia dirisha, na Watiri akafahamu kwamba anamjua.

Siku ya wazazi Mugo alishika kipaza sauti, akatambulisha walimu. Alipomfikia yeye akasita ili watu wangoje. "Na huyu, wazazi, sina haja ya kuwaambia jina!" Hema zima likajibu kwa neno lile moja, wanaume wenye makoti na wanawake wenye vitambaa vya kanisa, na watoto wakagonganisha vichwa kwa mchezo. Watiri alikuwa ameshasimama. Mtu akishasimama mbele ya umati hana la kufanya isipokuwa kupunga mkono, naye akaupunga.

Wanafunzi wake hawakumzomea hata siku moja. Afadhali wangemzomea. Walikuwa na adabu. Kila kipindi mmoja aliinua mkono taratibu.

"Samahani Mwalimu, sijaelewa. Chembe mbili zikikutana, hiyo inaitwaje?"

"Zinagongana."

"Kwa Kiingereza, Mwalimu. Mtihani ni wa Kiingereza."

Darasa zima lilizuia pumzi. Watiri aligeuka, akaliandika neno ubaoni, akaligonga kwa chaki. Walimshukuru. Siku iliyofuata mwingine aliinua mkono na kusema haoni ubao vizuri, macho yanamsumbua, tafadhali Mwalimu asome.

Alianza kufanya mazoezi zizini wakati wa kukamua. Aliusimamisha ulimi nyuma ya meno kama alivyoelekezwa na mwalimu mwenzake wa Kiingereza, akasema la, le, li, lo, lu, ng'ombe akimsikiliza. Gatimu alimkuta hivyo, akacheka kwa upole, cheko la mtu aliyeoana na mwenzake muda mrefu.

"Mama Wendy, unafundisha ng'ombe wimbo?"

Alimrushia kikombe cha kukamulia. Kilimpata kifuani na maziwa yakammwagikia shati. Hawakuwahi kurushiana kitu tangu waoane. Gatimu alikiokota, akakipangusa, akaenda zake bila neno.

Na L ilikuja. Hilo ndilo lililomwangamiza. Alipokuwa peke yake aliweza kuitamka, lakini ilipofunguliwa haikujua mipaka. Iliingia hata mahali ambapo R ilikuwa imekaa vizuri miaka yote. Iliyokosewa ikarekebishwa, iliyokuwa sawa ikaharibika. Kwa ulimi huo mpya aliingia darasani siku alipokuja afisa wa elimu kutoka kaunti kuangalia anavyofundisha.

Mwanzo ulikwenda vizuri kwa sababu mikono yake haikuwa na lafudhi. Alichora msalaba mweusi kwenye karatasi, akaweka chupa ya maji ya dawa juu yake, akamimina asidi. Maji yakaanza kuwa meupe kama maziwa mpaka msalaba ukatoweka. Akarudia kwa maji ya dawa aliyoyapasha moto, na safari hii msalaba ukatoweka upesi. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

"Hebu wafupishie, Mwalimu," afisa alisema. "Wamejifunza nini?"

Watiri alisimamisha ulimi nyuma ya meno. Akasema polepole, kwa uangalifu mkubwa, kwamba wamejifunza kuhusu "leti" ya "liaksheni", badala ya rate of reaction.

Darasa lililipuka. Wasichana walilala juu ya madawati, wengine wakatoa machozi. Watiri alimtazama afisa ili amsaidie kunyamazisha. Afisa alikuwa amegeukia dirishani kana kwamba anaangalia kahawa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mwanafunzi mmoja hakucheka. Aliitwa Nimo, binti wa Khadar, mfanyabiashara wa mifugo wa Doldol. Alikuwa na mazoea ya kubaki maabara baada ya vipindi kusafisha vyombo na kuuliza maswali yaliyopita kiwango cha darasa. Siku hiyo alisafisha vyombo vyote, akavipanga, akasimama.

"Mwalimu, ni Lynn."

"Lynn nani?"

"Lynn Kingori. Ndiye alikuwa na simu. Pale kwa tangi."

Watiri alikaa kwenye kigoda. Kingori alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, na sasa aliuelewa ule mtazamo wa Mugo dirishani. Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Mwaka mmoja nyuma, Lynn alikuwa ameingia katika maabara hiyo hiyo akilia mpaka anashindwa kupumua. Alimweleza Watiri kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu mwingine shuleni: kwamba baba yake amehama nyumbani, ana mwanamke mwingine Nyeri mjini, na mama yake anawaambia watu kwamba mzee yuko safarini. Watiri alimkumbatia. Alimpangusa kamasi kwa leso yake mwenyewe. Alimwapia kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwake.

Hakumkabili Lynn. Aliendelea kufundisha, na kila akiingia darasani alimwangalia yule msichana mrefu, mwenye Kiingereza cha shule za kulipia, ambaye hakuwahi kuuliza lile swali la kejeli. Wengine ndio waliouliza. Lynn aliketi tu na kutazama nje.

Siku aliyouliza, pengine aliuliza kwa nia safi. Walikuwa wakirudia somo kwa ajili ya mtihani.

"Mwalimu," Lynn alisema, "chembe zinaweza kugongana tena na tena na kusitokee kitu?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja, akijiandaa. Watiri alikiona kile kiganja. Akaweka chaki chini, akaacha Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili.

"Zinaweza, Lynn. Zinaweza kukaa kwa chombo moja miaka mingi, zinagongana mlangoni, zinagongana mezani, zinagongana kitandani, na kusitokee kitu, kwa sababu moja haina tena nguvu kwa mwenzake. Alafu siku moja hiyo moja inatoka, inaenda kugongana na ingine huko Nyeri town, na huko moto unawaka. Kama hujaelewa, uliza mamako kwa nini hakuja na mzee wako visiting day. Muulize kama bado yuko safari."

L zake zote zilitoka R, kama kawaida. Hakuna aliyezisikia.

Kilisikika kicheko kimoja nyuma, kisha kingine, kisha darasa zima. Watiri alikifahamu kicheko hicho kama mtu anavyofahamu harufu ya nyumba yake, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakikuwa chake. Kilikuwa kitamu. Utamu huo ulimshuka kifuani kama chai ya moto, akageuka akaendelea kuandika ubaoni kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

Lynn alisimama. Hakulia. Alitembea kuelekea mlangoni, akagonga pembe ya dawati kwa nyonga, na mtu akasema, "Korishoni!" Hata hilo lilimchekesha Watiri, ingawa hakugeuka.

Shule haikulala na habari ile. Lynn akawa "Chembe". Walimpisha kwenye foleni ya chakula wakisema wasije wakawaka moto. Walimwimbia wimbo ule ule wa Watiri kwa maneno mapya, jina la mama yake likiwa ndani. Aliacha kwenda bwaloni. Mwalimu wa bweni alimkuta zaidi ya mara moja amejifungia chooni wakati wa chakula, ameketi sakafuni. Watiri aliyasikia hayo katika chumba cha walimu, akakoroga chai yake. Alijiambia kwamba yeye aliachwa aimbiwe na nchi nzima, na huyu anaimbiwa na bweni moja tu.

Kabla muhula haujaisha, mama yake Lynn alikuja kumchukua. Watiri alikutana naye kwenye maegesho akiburuta sanduku la chuma la bintiye, visigino vyake vikizama kwenye kokoto. Watiri angeweza kupita njia nyingine. Hakupita.

Yule mama aliacha mpini wa sanduku. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko alivyoonekana hemani siku ya wazazi.

"Nilikuwa nakuombea, Mwalimu," alisema. "Tangu ile video itokee. Sikujua ni mtoto wangu. Kila asubuhi nilikuwa nataja jina yako."

Watiri alitafuta neno. Mdomo ulifunguka na hakuna herufi iliyokuja, si L wala R. Mama akaushika tena mpini, akaburuta.

Kingori hakuhitaji muda mrefu. Yale ambayo Mugo alishindwa kuyaona wakati mwalimu alipodhalilishwa aliyaona vizuri sana alipodhalilishwa binti wa mwenyekiti. Watiri alihamishwa Doldol, kule kwao Nimo, kaskazini mwa Nanyuki, akaambiwa awe ameripoti muhula ukianza. Gatimu alibaki na ng'ombe. Alimsaidia kubeba godoro na jiko, akamuaga kwa mkono kama mtu anayemsindikiza mgeni. Tangu siku ya kikombe walikuwa wakizungumza habari za maziwa tu.

Doldol ilikuwa kavu. Upepo ulipitisha vumbi chini ya mlango wa nyumba yake ya mabati, na asubuhi alifukuza mbuzi wa watu kwenye kizingiti. Wanafunzi wake wapya walikuja na ndimi zao wenyewe, Wamaasai na Wasomali na wengineo, kila mmoja akikwaruza Kiingereza kwa namna yake, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba mwalimu hana L. Video iliwafikia, ndiyo. Waliitazama, wakaona mwanamke anakimbia, wakauliza kichekesho kiko wapi.

Lilipofika somo la mgongano alichora nukta ubaoni, akazichorea mishale. Wanafunzi walinakili. Mmoja aliuliza kama kuna njia ya kuliona jambo hilo kwa macho. Akamwambia hakuna.

Likizo moja, miaka michache baadaye, Nimo alikuja kumtembelea. Sasa alikuwa chuo kikuu Nairobi, akisomea ufamasia, na alikuwa nyumbani kwa baba yake kwa wiki chache. Alileta maziwa ya ngamia na nusu kilo ya majani ya chai. Watiri alifurahi mpaka akavunja kikombe. Walikunywa chai, wakaongea juu ya wahadhiri, juu ya bei ya vyumba, juu ya ukame. Kisha Nimo akaweka kikombe chake chini.

"Mwalimu, Lynn hakurudi shule," Nimo alisema. "Hata mtihani hakufanya. Nilimpigia mwaka jana. Mamake ndiye alishika, akasema Lynn haongei na simu."

Watiri alitazama majani ya chai yaliyobaki ndani ya kikombe chake. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mimi ndiye nilikupa jina. Nilikupa ndio upate kulala, Mwalimu. Sikukupa ndio umfanyie vile."

"Alinifanya nini yeye?"

"Najua alikufanya nini. Nilikuwa kwa darasa. Tulikuwa wengi upande wako."

"Upande wangu wapi?" Watiri aliuliza, na sauti yake ikapanda. "Mlikuwa wapi? Sikuwasikia. Hata siku moja sikuwasikia."

"Tulikuwa tunaogopa."

"Na mimi je? Mimi sikuwa naogopa?"

Nje, mtu alikuwa akiswaga mbuzi, akiwapigia mbinja. Baadaye Nimo alikusanya vikombe vyote, hata kile kilichovunjika, akavipeleka nje kwenye beseni na kuvisafisha, ingawa Watiri alimwambia aviache. Alivipanga juu ya meza vikiwa vimeinamishwa, akajifuta mikono kwenye baibui lake.

"Utakuja tena?" Watiri alimuuliza.

"Chuo kinafunguliwa karibuni, Mwalimu," Nimo alisema. Akavaa viatu vyake mlangoni, akashuka kuelekea nyumbani kwa baba yake.